Binti wa Kurudishwa

Kwetu Mombasa, ndoa ikitaka kufungwa, bwana harusi peke yake hatoshi. Shekhe humtafuta kwanza walii wa biharusi: baba yake, na kama baba na babu wamefariki, basi kaka yake. Bila neno la walii hakuna ndoa, hata kama biriani imeshaiva na wageni wamenawa mikono. Babu alitangulia zamani, na baba yangu alifariki nikiwa tayari Marekani. Kwa hiyo walii wa dada yangu wa pekee alikuwa mimi, mkazi wa Minneapolis, dereva wa gari linalowapeleka wazee kliniki na kuwarudisha majumbani kwao. Nilikuwa sijatia mguu Mombasa kwa miaka saba.

Kisa chenyewe hakikuanza na mimi wala na dada yangu. Ukoo wetu asili yake ni Pate. Katika karne ya kumi na nane, kisiwa kikiwa kimechoshwa na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, babu yetu mmoja wa mbali alifunga virago akahamia Mombasa. Alimwacha nyuma mamake na ndugu zake. Leo safari ile utaimaliza kwa siku mbili hata ukiwa mvivu, lakini mamake alilia kwamba wajukuu watakua hawamjui, na vitukuu hawatajua kama aliwahi kuishi. Ndipo yule babu akatoa ahadi: katika kila kizazi, binti mmoja wa Mombasa atarudi Pate kuolewa na mtoto wa wale waliobaki, ili watu wasisahauliane. Ndivyo alivyotusimulia ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, na hadithi za ami hazina ubishi kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumbishia.

Sisi tulimwita binti wa kurudishwa. Katika kizazi cha baba alikuwa shangazi yangu, aliyerudishwa kabla mimi sijazaliwa. Alikuja kwetu kila Idd, mnene, mcheshi, na kila mwaka analeta vyombo vya udongo vilivyovunjika njiani. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Sikuwahi kumsikia akiulizwa pia, na nilipokuwa mdogo sikuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Ami alinipigia siku moja ya vuli nikiwa Eagan, kusini mwa Minneapolis, natia mafuta gari la kazini huku upepo unanichapa masikio. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta kwa muda mrefu. Posa ya dada yangu imekuja, akasema, kutoka Pate, na kijana ni mwalimu, mjukuu wa ndugu wa bibi fulani niliyetakiwa kumkumbuka. Mama ameridhia. Yeye ameridhia. Shangazi, huko kisiwani, amelia kwa furaha.

Nikamuuliza dada mwenyewe amesemaje.

"Nimemuuliza," ami akasema. "Amenyamaza, alhamdulillahi."

Kwa asiyejua, hiyo ndiyo sheria na ndiyo desturi. Mwanamwali akiulizwa kuhusu ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ni idhini, kwa sababu haya inamzuia kusema ndiyo. Ni jambo la upole, na wasichana wengi limewasitiri. Nami nikasema alhamdulillahi, nikarudisha bomba la mafuta mahali pake, nikaenda kumchukua mzee mmoja aliyekuwa na miadi ya macho.

Shida ni kwamba ami alizungumzia wasichana, na mimi nilitakiwa kumfikiria dada yangu. Dada yangu hana kimya cha haya. Akifurahi anasema, akiogopa anasema, akila anasema, na akiwa na homa anasema zaidi. Akinyamaza, ujue kuna mtu amemuudhi, na mtu huyo lazima ajue. Aliwahi kumnyamazia baba mwezi mzima wa Ramadhani kwa sababu alimpa jirani paka wake bila kumwambia. Anampelekea futari, anamtilia maji ya kunawa, anamkunjia mswala, neno hamtolei. Siku ya Idd baba alikwenda kumrudisha paka kwa mkono wake mwenyewe, huku amevaa kanzu mpya.

Haya yote nilikuwa nayajua. Yalikaa tu kichwani bila kazi, mpaka wiki ya harusi, mke wangu alipoyaamsha. Yeye pia ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi hospitalini Coon Rapids, na ana tabia ya kuuliza swali moja kisha akaendelea na shughuli zake. Alikuwa anakunja nguo. Akauliza kama nimemuuliza dada yangu kuhusu ndoa hii.

Nikamwambia ami amemuuliza.

"Sijakuuliza habari za ami," akasema, na akaendelea kukunja nguo.

Nikakasirika, na hasira yangu ilikuwa kwamba ana haki. Nikampigia dada yangu saa ileile. Simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia mama, naye akanijibu kwa sauti ya chini ya mtu aliyezungukwa na wageni kwamba biharusi ameshatiwa ndani kungoja harusi, anasingwa mwili kwa liwa na karafuu, na simu yake wameichukua mashoga zake ili asisumbuliwe. Nikamwomba anipe dada kwa dakika mbili tu. Mama akasema atampa, baada ya hili na lile, na hili na lile halikwisha. Siku zilizofuata nilikuwa naendesha gari na simu iko kwenye kishikio, nikiitazama kwenye kila taa nyekundu.

Ami alipopata habari kwamba nabisha hodi kwa biharusi, alipiga tena. Safari hii hakuwa na furaha. Nilikuwa jikoni, na binti yangu wa miaka tisa yuko mezani na masomo yake. Ami akaniambia nisiwe mtu wa kutafuta mchanga kwenye wali. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka huniuma.

"Yule babu alihama, lakini alituachia njia ya kurudi. Wewe umehama, umetuachia nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya watu wa huku, kazi, karatasi, nauli, mtoto shuleni, na kila moja nililipima likawa jepesi. Ami hakungoja. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeulizia hali ya hewa, binti yangu sasa ana miaka mingapi.

Nikamwambia ni mdogo sana. Akacheka kidogo, akasema hata dada yangu alikuwa mdogo. Binti yangu aliinua kichwa akaniuliza kwa Kiingereza nani huyo kwenye simu. Kiswahili anakisikia chote lakini hakijibu. Nikamwambia ni babu yake wa Mombasa. Nilimtazama akirudia kuandika, kichwa kimeinama, na moyoni nikaapa kwamba jambo hili litakoma hapa, kwa dada yangu, kabla halijamfikia huyu. Sikumwambia mke wangu. Nilijua angeniuliza swali moja.

Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa. Mombasa nikahi ilipangwa baada ya sala ya Isha, saa mbili usiku, ambayo kwetu huku wakati wa baridi ni saa tano asubuhi. Niliomba ruhusa kazini sikupewa, kwa sababu madereva wawili walikuwa wagonjwa. Alfajiri nikampeleka bibi mmoja Coon Rapids kwenye kliniki anakosafishwa damu kwa mashine, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ndani. Kabla ya saa tano nikarudi kumngoja, nikakaa garini katikati ya maegesho, injini inaunguruma, theluji imerundikwa pembeni hadi juu ya vioo vya magari.

Simu ikaita. Ilikuwa ya video, na nikaona msikiti wetu, taa zote zimewashwa, mikeka imejaa wanaume waliovaa kanzu. Nilimwona bwana harusi kwa mara ya kwanza, kijana mwembamba mwenye miwani, anatazama mikono yake. Ami ndiye aliyeshika simu. Akaigeuza kwa shekhe, mzee aliyenifundisha Kurani nikiwa mtoto na aliyekuwa bado na sauti ileile ya kutosikiliza upuuzi. Shekhe akanisalimia, akaulizia baridi, kisha akaingia kwenye shughuli. Akataja jina la dada yangu na la baba yetu, akataja jina la kijana, akaniuliza kama nimemwakilisha, yaani nimempa uwakala wangu, amuozeshe dada yangu kwa kijana yule kwa mahari waliyokubaliana.

Neno lililotakiwa ni moja tu: nimekuwakilisha. Watu wote kwenye ile mikeka walikuwa wamenyamaza wakilingoja.

Nikasema, "Shekhe, niwie radhi. Sijamsikia dada yangu kwa masikio yangu."

Kelele iliyofuata sikuielewa yote, kwa sababu simu ilishuka na nikawa natazama ukingo wa mkeka na miguu ya watu. Nilimsikia ami. Alisema mimi ni mgeni, nimekuwa Mzungu, kwamba walii aliye mbali hukumu yake inajulikana na shekhe anaweza kusimama mahali pake. Akasema watu wametoka Pate na wazee wao, wamelala njiani, na sasa wanaaibishwa mbele ya msikiti mzima na kijana anayekaa kwenye gari. Maneno yale yalinichoma zaidi kwa kuwa kweli nilikuwa nimekaa kwenye gari.

Shekhe akaichukua simu. Uso wake haukuonyesha hasira wala huruma.

"Walii yu hai na yuwapatikana," akasema, si kwangu bali kwa ami. "Siwezi kumruka." Kisha akanitazama. "Mpigie dada yako. Twakungoja. Lakini usituweke sana, watu wametoka mbali."

Nikampigia mama. Alipokea upesi, habari ilikuwa imeshafika nyumbani, kwa namna habari zinavyofika kwetu, kabla mwenye nayo hajamaliza kusema. Nyuma yake dufu lilikuwa limesimama. Mama alikuwa analia kidogo. Aliniomba, mwanangu, usituaibishe, na nikamwomba radhi, nikamwambia ampe simu dada yangu na awatoe watu chumbani. Nilisikia minong'ono, bangili, mlango. Mama hakuwasha picha, kwa hiyo niliona giza tu la kioo na uso wangu mwenyewe ndani yake.

"Dada," nikasema.

Hakujibu. Nilimsikia akipumua, kwa hiyo nilijua yupo.

Saa iliyo mbele ya usukani ilionyesha kwamba muda wa kumchukua yule bibi umekaribia. Ofisini walikuwa wameshanitumia ujumbe mara mbili kuuliza niko wapi. Nikaigeuza kifudifudi ile simu ya pili, ya kazini. Nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga tangu usiku, na nilipoyasema niliona jinsi nilivyoyapenda.

"Ami asema umenyamaza na kimya chatosha. Mie nakujua. Kimya chako mie hakinitoshi. Kama humtaki, usiseme kitu. Nyamaza tu, na mie nitamwambia shekhe hapana, na lawama zote nitabeba mie."

Alinyamaza. Nikangoja. Gari lililokuwa jirani liliondoka, na matairi yake yakachuna barafu. Bado alinyamaza. Na mimi, badala ya kuhuzunika, nilijaa kitu kama furaha. Nilijiona nimekata kamba iliyowafunga mabinti zetu tangu karne ya kumi na nane, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, na binti yangu hatajua hata kwamba iliwahi kuwepo. Nikavuta pumzi nimuage.

"Mie simkatai," akasema dada yangu.

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajalia.

Nikamwambia sikuelewa. Akasema kwamba kijana yule wamezungumza tangu mwaka jana, shangazi ndiye aliyewakutanisha, na amezungumza naye mara nyingi kuliko alivyozungumza na mimi. Anataka kwenda Pate. Kuna shule ya wasichana wadogo na anataka kufundisha pale. Alisema haya upesi upesi, bila mapambo, kama mtu anayetaja bidhaa za kununua dukani.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu ami ndiye aliyeniuliza," akasema. "Walii wangu ni wewe. Nilingoja unipigie. Kabla ya kutiwa ndani nilikuwa na simu yangu mkononi, kaka. Vuli yote. Ilikuwa hapa hapa."

Niliwaza Eagan, upepo, bomba la mafuta. Niliwaza namna nilivyosema alhamdulillahi. Nikasema, na nilijua ninaposema kwamba ni maneno dhaifu, kwamba nilidhani wanamlazimisha kwa ajili ya ile ahadi ya zamani.

"Ungependa iwe hivyo," akasema. "Wataka nikwambie nalazimishwa, uniokoe kwa simu, kisha urudi kazini."

Sijawahi kupigwa na mtu mzima, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Sikumkasirikia. Ningetamani kumkasirikia, ingekuwa rahisi zaidi. Kwa wiki nzima nilikuwa nimemgombania msichana mwingine niliyemtengeneza mwenyewe, mnyonge, asiye na sauti, anayenihitaji. Na huyu wa kweli alikuwa ndani ya chumba chenye harufu ya liwa, amevaa, amejipamba, amekasirika, akiwangojesha watu wa Mombasa na wa Pate ili kaka yake amuulize swali ambalo lilikuwa haki yake kuulizwa.

"Ile ahadi naijua," akaendelea, safari hii taratibu. "Shangazi kanieleza yote. Yule babu hakutoa mabinti kwa sababu ni rahisi kuwatoa. Alijua yeye mwenyewe hatarudi. Katika nyumba hii kuna mtu ambaye hatarudi, na si mie." Akanyamaza kidogo, na kimya hiki sikukiogopa. "Na ikifika zamu ya mwanao, muulize wewe. Usingoje akwambie ami."

Ndipo nikamuuliza. Nilikaa sawa kwenye kiti, nikavua kofia, sijui kwa nini. Nilimwita kwa jina lake na jina la baba yetu, kama shekhe alivyofanya, nikamuuliza kama anakubali nimuoze kwa kijana yule.

"Nakubali," akasema.

"Nimesikia."

"Niulize tena. Kwa sauti, wasikie walio mlangoni."

Nikauliza tena kwa sauti. Mtu aliyekuwa anapita na mifuko yake ya dukani aligeuka akanitazama kupitia kioo. Dada yangu akasema nakubali, kwa ile sauti yake ya siku zote, iliyokuwa inasikika mpaka nyumba ya tatu, na wanawake walio nje ya mlango wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Sikupata nafasi ya kumwambia kitu kingine.

Nikapiga msikitini. Nikamwambia shekhe, "Nimekuwakilisha." Aliitikia kwa kichwa, bila kuniuliza kitu, akaanza khutba. Nilisikiliza yote. Nilimsikia yule kijana mwenye miwani akisema amekubali kuoa, na sauti yake ilitetemeka, na nikampenda kwa hilo. Halua ikaanza kupita. Ami akaja kwenye simu, jasho linamtiririka, akauliza alisemaje huyo mtoto hata nikawaweka watu wote vile.

"Kasema ndiyo, ami."

"Si nilikwambia?" akasema.

Sikumbishia. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na hakujua hata kidogo kwa nini nilikuwa sitaki kuisikia. Mtu akamwita, akaweka simu chini bila kuikata. Nikabaki natazama dari ya msikiti wetu, pangaboi linazunguka, nasikia watu wakipeana mikono na kuulizana kahawa iko wapi, mpaka mtu asiyejua kuna nani ndani ya simu akaikata.

Yule bibi wa kliniki alikuwa ameshatolewa, anangoja mlangoni amejifunika blanketi. Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha. Nilimpandisha, nikaufunga mkanda wa kiti chake, na alipoona nimekawia kutia gia aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia dada yangu ameolewa leo.

Akafurahi kwa dhati. Akauliza kama harusi ilikuwa nzuri. Nikamwambia sijui, sikuwepo, mimi ndiye niliyemuoza tu. Hilo lilimtatiza. Akauliza lini, na nikamwambia sasa hivi, wakati yeye yuko ndani.

Akageuza kichwa akayatazama maegesho, magari yaliyofunikwa, gari la kusukuma theluji likipita na taa yake ya njano.

"Hapa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, hapa.